Breki Tisa

"Hesabu tena," Inspekta alisema.

Koplo alihema, akarudi mwanzo wa safu. Alikuwa mrefu kiasi cha kuinamia kila mlango, na kuchuchumaa mbele ya baiskeli thelathini na moja, moja baada ya nyingine, kulikuwa kumemmaliza magoti. Lakini alimjua mkubwa wake. Inspekta akisema hesabu tena, unahesabu tena.

Baiskeli zilisimama katikati ya ukumbi kwa safu tatu, kila moja na namba yake ya kadibodi kwenye usukani. Taa zilikuwa zimefungwa, chupa za maji zimechomekwa, matairi yamejazwa upepo. Saa tatu usiku huo zilitakiwa kutoka pamoja, msafara mmoja, kilomita tisini hadi baharini, waendeshaji walione jua likichomoza juu ya maji. Walikuwa wamefanya safari hiyo miaka kumi na minane mfululizo. Mwaka huu, asubuhi ya siku yenyewe, mtu alikuwa ameingia ukumbini na kukata nyaya za breki.

"Tisa," Koplo alisema kutoka mwisho wa safu. "Ni zilezile, afande. Namba kumi na nne mpaka ishirini na mbili, bila kuruka. Breki za mbele tu. Za nyuma hazikuguswa."

"Andika. Na kabla hujafunga daftari, andika na hili: namba kumi na saba ni ya mume wangu."

Kalamu ya Koplo ilisimama. "Afande, hii si ingefaa apewe mtu mwingine?"

"Nimempigia Mkuu wa Kituo. Anasema wengine wote wako uwanjani kulinda mechi, na mimi ndiye niliye karibu. Kwa hiyo andika, asije mtu kesho akasema nilificha."

Koplo aliandika. Alimfahamu huyo mume, kama kituo kizima kilivyomfahamu. Mtaani walimwita Baba Pacha. Mwaka juzi alilala hospitali wiki kumi na moja, moyo ukigoma, na daktari alimruhusu kupanda baiskeli tena miezi minne tu iliyopita. Safari ya usiku huo ndiyo ingekuwa ya kwanza kwake tangu augue. Inspekta aliitazama namba kumi na saba mara moja, akavaa glavu, akamgeukia Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa msafara alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia. Filimbi yake ya shuleni bado ilining'inia shingoni, na asubuhi hiyo alikuwa akiichezea kama mtu anayetafuta pa kuweka mikono.

"Mwalimu, ukumbi ulifungwa saa ngapi?"

"Saa mbili usiku, nilifunga mwenyewe. Ufunguo ukabaki kwa mlinzi. Leo saa tatu nimekuja kugawa ramani. Nikabonyeza breki iliyokuwa karibu yangu, hivihivi tu. Mkono ukaenda mpaka mwisho, kama nabonyeza hewa."

Mlinzi aliitwa. Alikuwa mtu wa maneno machache na alijibu akitazama viatu vyake. Saa kumi na mbili na nusu aliingia Mama Cherehani, mke wa Fundi wa baiskeli za msafara, kuleta vizibao vya kung'aa alivyowashonea waendeshaji. Alikaa kama dakika ishirini, akatoka. Kama saa moja hivi, mlinzi akiwa nyuma anafungua maji, alimwona Kimbunga akiondoka mlangoni mbiombio. Hakujua kama aliingia. Baada ya hapo, Mwenyekiti.

"Huyo Kimbunga ni nani?"

Mwenyekiti aliiachia filimbi. "Kijana wetu. Tulimtoa msafarani mwezi uliopita kwa sababu anapita watu kwa kasi gizani, na ukimwambia hasikii. Siku tuliyomtoa alisema mbele ya wote, 'Mtanikumbuka mkifika mteremkoni.'"

"Mteremko upi?"

"Wa mwisho, kabla ya bahari. Kilomita sita na kona nne. Ukishuka pale bila breki ya mbele..." Akamalizia kwa sauti ya chini, "Hushuki, mama. Unaanguka."

Koplo alikuwa ameshasimama.

"Mlete," Inspekta alisema. "Kwa upole. Na koleo yake, kama anayo."

Alipobaki peke yake na zile tisa, Inspekta alizipitia kwa tochi, ingawa mchana ulikuwa umejaa ukumbini. Hakuwa na haraka. Waya wa breki ya mbele hushuka kutoka kwenye usukani, ukapita kwenye bolti ndogo juu ya gurudumu, na nati ndiyo inayoubana pale. Aliyekata alikata juu kidogo ya nati. Hilo lilikuwa wazi. Mengine mawili hayakuwa wazi hivyo.

La kwanza ni jinsi ncha zilivyokuwa. Waya uliokatwa kwa koleo huachia kwa pigo moja. Nyaya hizi zilikuwa zimetafunwa, nyuzi zake zimefumuka kama ufagio mkuukuu, kila moja imeumwa mara tatu au nne kabla ya kuachia.

La pili lilimfanya apige goti na kusogeza uso. Chini ya mkato palitakiwa kubaki kipande, urefu wa kidole, kimebanwa na nati. Hakikuwepo. Alitazama namba kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Nati zote tisa zilikuwa tupu, na hakuna hata moja iliyokuwa na alama mpya ya spana. Vumbi la siku mbili lilikuwa limetulia juu yake.

Alipiga tochi sakafuni. Hapakuwa na kitu. Alitazama chini ya jukwaa, nyuma ya mlango, ndani ya pipa la taka, akarudi kwenye baiskeli na kuanza kupapasa vikapu na vishikio vya chupa. Kwenye namba ishirini, chini ya chupa ya maji, ukucha wake uligusa chuma. Alikitoa kile kipande kwa kibano, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga.

Kimbunga alifika akiwa ametangulia mbele ya Koplo, kifua mbele, macho makavu. Alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi na miguu ya mtu anayekula barabara kila siku.

"Ulikuja hapa asubuhi," Inspekta alisema.

"Nilikuja."

"Uliingia?"

"Sikuingia."

"Ulikuja kufanya nini mlangoni?"

Koplo aliweka koleo mezani. Ilikuwa nzuri, meno yake makali, mpini umezungushiwa mpira.

"Ulisema watakukumbuka wakifika mteremkoni. Ulikusudia nini?"

"Nilisema. Mimi nilikuwa nimeshatolewa. Nilikusudia taa yangu. Mwaka jana mimi ndiye nilitangulia na ile taa kubwa, wote wakafuata mwanga. Mwaka huu wangeshuka na vitaa vya mfukoni. Ndiyo maana nikasema watanikumbuka. Ni maneno ya hasira, lakini si ya kuua mtu."

"Na asubuhi?"

Aligeuza uso ukutani. "Angalia chini ya zulia la mlangoni."

Koplo alienda, akarudi na bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari, imeandikwa kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika: Mwenyekiti, naomba radhi kwa yale maneno. Taa iko kwa mlinzi wa benki, mkiitaka ichukueni, mimi si lazima niende.

Mwenyekiti aliisoma mara mbili. Kisha akavua miwani, akaifuta.

Barua si ushahidi, na Inspekta alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Mtu anaweza kuomba radhi kwa mkono mmoja na kukata waya kwa mwingine. Alichukua mabaki ya waya wa namba kumi na nne, akampa Kimbunga koleo yake.

"Kata hapa."

Kimbunga alikata. Tak. Ncha ilikuwa safi kama ya sindano. Inspekta aliilaza kando ya ile iliyotafunwa, akamwonyesha Koplo.

"Si koleo hii," Koplo alisema.

"Si koleo yoyote. Kijana, kaa pale, bado nitakuhitaji. Koplo, nifungulie nati ya namba tano."

"Namba tano haina tatizo, afande."

"Ndiyo maana naitaka."

Koplo alilegeza nati kwa spana na kuchomoa waya. Pale ulipokuwa umebanwa, nyuzi zilikuwa zimelala bapa, zimeacha alama ya kung'aa. Inspekta alitoa kile kipande cha namba ishirini mfukoni. Kilikuwa mviringo kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakikuwa na alama yoyote.

Koplo alikitazama kwa muda. Kisha akakaa chini kabisa, magoti na yote.

"Huu haukubanwa."

"Haukubanwa. Ulipitishwa tu kwenye bolti, nati ikazungushwa kwa vidole au ikakosa njia yake. Ukibonyeza breki kidogo, inashika. Ukikaza kama mtu anayeshuka mlima, waya unachomoka." Inspekta alikuwa akizungumza taratibu, kila neno likipimwa kabla halijatoka. "Aliyekata hakuharibu breki hizi. Alizikuta zimeshaharibika."

"Sasa alikata ya nini?"

"Zisipandwe. Na alichukua vipande vyote ili tusione tulichokiona sasa hivi, isipokuwa hiki kimoja kilichomponyoka. Mwalimu, nyaya hizi zilifungwa lini?"

Mwenyekiti alileta orodha. Fundi alikuwa amebadilisha nyaya za mbele za baiskeli zote wiki hiyo, kwa ajili ya mteremko. Jumatano namba moja hadi kumi na tatu. Alhamisi kumi na nne hadi ishirini na mbili. Ijumaa zilizobaki.

"Alhamisi," Koplo alisema polepole, "umeme ulikatika kutwa nzima. Na mvua ilinyesha. Kituoni tuliandika kwa tochi."

"Enhe."

"Basi ni Fundi mwenyewe. Aligundua, akaona aibu."

"Fundi angezikaza. Kazi ya dakika moja kwa kila baiskeli, na leo tusingejua lolote. Huyu aliijua kasoro lakini hakuwa na spana. Alichokuwa nacho mkononi ni kitu kingine." Inspekta aligeuka kutazama vizibao vilivyopangwa jukwaani.

Alivichukua kimojakimoja. Vilikuwa vimeshonwa kwa ustadi, mkanda wa fedha mgongoni na kifuani, ukingo wa chini umekatwa kama kwa rula. Vilikuwa ishirini na tano. Kutoka chumba cha pembeni, alikorudi Mama Cherehani kumalizia vilivyobaki, ilisikika cherehani ikikimbia, ikisimama, ikikimbia tena.

Mama Cherehani alikuwa amemaliza vitano vya nyongeza na cha sita kilikuwa chini ya sindano. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mgongo ulionyooka, pini tatu mdomoni. Inspekta alivuta kigoda, akakaa, akachukua kizibao kimoja katika vile vitano na kukipitisha kati ya vidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Pini hazikumzuia kusema.

"Mkasi wako unauma kitambaa."

"Umezeeka."

"Jana haukuwa umezeeka. Vile ishirini na tano vya jana vina ukingo safi. Hivi vya leo vyote vina kidonda kimoja, mahali pamoja, kama jino limeng'oka."

Cherehani ilisimama. Mkasi ulikuwa pale mezani, mkubwa, mzito, mipini yake imesuguliwa na miaka mpaka imekuwa myeusi. Inspekta hakuugusa. Hata alipokuwa amekaa aliliona pengo kwenye makali, na vijipengo vingine vidogo kando yake.

Mama Cherehani alitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini moja baada ya nyingine.

"Unataka niseme nini?"

"Jinsi ilivyokuwa."

"Nilileta vizibao. Nikapita kwenye baiskeli kuzitazama tu, maana zikipangwa hivi zinapendeza. Nikaona ile yenye kengele ya buluu, nikajua ni ya Baba Pacha. Mtaa mzima tulimwombea huyo mtu. Nikasema ngoja nibonyeze breki yake, nifurahi kwamba anakwenda. Nikabonyeza kwa nguvu zangu zote." Aliangalia kiganja chake. "Waya ukachomoka. Nikabonyeza ya jirani, ikachomoka. Nikazibonyeza zote thelathini na moja, mwanangu. Tisa hazikushika."

"Ukajua ni za Alhamisi."

"Nilijua ni za macho. Macho ya mume wangu yana ukungu, huu mwaka wa pili. Nikimuuliza ananiambia ni vumbi la karakana. Alhamisi alifanya kazi kwa mshumaa, nikamwambia acha, akasema mikono yake inaona."

"Kwa nini hukumwambia Mwenyekiti?"

"Ningemwambiaje bila kumtaja? Miaka kumi na minane anawatengenezea baiskeli zao za safari hii, hajawahi kukosea nati moja. Wakijua macho yamekwenda, nani atamletea hata tairi la kuziba? Atakaa nyumbani anasikiliza saa ya ukutani. Nikaona bora wamtafute mharibifu ambaye hayupo."

"Koplo alimleta Kimbunga."

"Nilimsikia." Sauti yake ilishuka. "Nilikuwa naja. Naapa nilikuwa naja. Nilikuwa nashona ili nipate nguvu ya kusimama."

Inspekta alimwamini. Si kwa sababu ya kiapo, ila kwa sababu kizibao kilichokuwa chini ya sindano kilikuwa kimeshonwa mara tatu mahali palepale.

"Hizi ishirini na mbili zilizobaki, ulizipima kwa mkono wako. Haukuwa uzito wa mtu mzima mteremkoni. Lazima zikaguliwe kabla ya jioni, na anayezijua ni mmoja tu. Itabidi aambiwe, mama."

Mama Cherehani alifumba macho, akafumbua. Alikunja kizibao, akasimama.

"Kabla hatujatoka," Inspekta alisema. Alikuwa amezoea kuuliza. Kusema hili kulimpa shida. "Kumi na saba ni ya mume wangu. Nakushukuru."

Karakana ya Fundi ilikuwa mtaa wa pili, chumba kimoja chenye mlango wa bati na rimu zilizoning'inia darini. Fundi alikuwa akitia grisi kwenye ekseli, uso umeelekea mlangoni.

"Hatua za mke wangu," alisema, "na watu wa viatu vya serikali. Wawili. Karibuni, nani kafa?"

"Hajafa mtu, mzee," Inspekta alisema. "Nataka unisaidie kusoma kitu."

"Miwani nimeiacha ndani."

"Hutaihitaji." Alitoa kile kipande cha waya, akamwekea kiganjani.

Fundi hakukitazama. Alikishika ncha, akapitisha ukucha wa kidole gumba kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, taratibu, kama mtu anayesikiliza. Alirudi, akapitisha tena. Kicheko kilichokuwa usoni kilikwisha.

"Huu haukubanwa," alisema. "Nani kafunga huu?"

Koplo alijifanya kutazama rimu.

"Alhamisi?"

"Alhamisi," Inspekta alisema.

Fundi alipapasa nyuma yake mpaka akapata benchi, akakaa. "Ngapi?"

"Tisa."

"Nani kagundua?"

"Mimi," mkewe alisema. "Nikazikata, wasizipande."

"Na hukuniambia."

"Ungesema ni vumbi."

Mikono ya Fundi yenye grisi ilikuwa imetulia juu ya mapaja, imekaa kama vifaa vilivyowekwa chini baada ya kazi.

"Ulikata na nini? Koleo zangu zote ziko hapa."

"Mkasi."

"Ule mkubwa?"

"Ule mkubwa."

Alijua maana yake. Mkasi ule ulikuwa umelisha nyumba yao miaka ambayo karakana haikulisha. Alinyoosha mkono hewani, kidogo kushoto ya pale mkewe aliposimama, na Mama Cherehani akasogea mpaka mkono ukamkuta.

"Asante," Fundi alisema. "Watu tisa. Asante, mke wangu."

Saa tisa alasiri waendeshaji wote walikuwa ukumbini, vizibao mkononi, wakinong'ona. Baba Pacha alisimama kando ya kengele yake ya buluu akimtazama Inspekta, naye akamfanyia ishara ya mkono: subiri. Mwenyekiti alipuliza filimbi. Fundi alikataa kusemewa. Alipanda jukwaani akishika ukingo, akaeleza kwa sentensi fupifupi: macho yake, mshumaa, nyaya tisa. Aliyekata ni mke wangu, alisema, na amewaokoa nyinyi na mimi. Hapo akaishiwa, akabaki amesimama.

Fundi aliinamisha kichwa akingoja chochote kitakachokuja.

Kilichokuja ni nesi wa meno, mwenye baiskeli namba kumi na tisa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Alipanda jukwaani, akamshika kidevu mbele za watu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Mimi ni wa meno, si wa macho," alisema, "lakini huu ukungu wako naona ni kama mtoto wa jicho. Hufanyiwa upasuaji. Jumatatu saa mbili nakupeleka kwa wenzangu, na usiniambie habari ya vumbi."

Mtu akacheka, kisha wote. Walipanda jukwaani wawili wawili kumshika mkono Fundi, na waliokuwa na namba kumi na nne hadi ishirini na mbili walikwenda kwanza kwa Mama Cherehani. Hawakuwa na maneno mengi. Mmoja alimwambia ana watoto watatu, akaishia hapo.

Kimbunga hakungoja kuambiwa. Alipanda baiskeli yake akavuka mji kutafuta nyaya mpya, akarudi ametota jasho, rundo zima begani. Kazi iligawanywa. Fundi alikaa kwenye kigoda katikati ya ukumbi, na kila mwenye baiskeli alifunga waya wake mwenyewe kwa spana, akamletea. Alipima kwa kidole gumba. "Kaza. Tena robo. Basi, usiivunje." Zile ishirini na mbili nazo zilifunguliwa na kufungwa upya. Mbili za Ijumaa alizirudisha mara mbili, na hakuna aliyelalamika.

Mwenyekiti alimfuata Koplo na kumuuliza mtu anafutia wapi malalamiko yake. Koplo alimwonyesha mstari, Mwenyekiti akasaini.

"Kwenye kosa niandike nini, afande?"

Inspekta alifikiri. "Andika kilichotokea. Nyaya tisa zenye kasoro zilikatwa na raia aliyeigundua, ili zisitumike. Mlalamikaji ameridhika. Kwenye kosa piga mstari."

Saa tatu kasoro dakika tano taa zote ziliwashwa. Kimbunga aliwekwa mbele na ile taa yake kubwa, baada ya kuahidi mbele ya wote kwamba hatampita hata paka. Fundi alisimama mlangoni, mkewe pembeni yake. Hakuna aliyepanga kilichofuata. Mwendeshaji wa kwanza alipofika usawa wake, alibonyeza breki ya mbele kwa nguvu, raba zikaguna kwenye rimu, baiskeli ikasimama wima.

"Inashika," Fundi alisema.

Wa pili naye akabonyeza. "Inashika." Wa tatu. Wakapita hivyo mmoja mmoja, na kwa kila mmoja Fundi aliinamisha sikio, akasikiliza, akatoa neno lile moja. Baba Pacha alipofika hakuondoka mara moja. Alimshika Mama Cherehani mkono kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia. Waliokuwa nyuma yake walingoja. Hakuna aliyepiga kengele.

Taa nyekundu ya mwisho ilipokata kona, barabara ikawa tulivu.

"Haya," Mama Cherehani alisema. "Wamekwenda."

"Huwa mnakwenda kuwaona wakifika?" Inspekta aliuliza.

"Miaka kumi na minane hatujawahi," Fundi alisema. "Mimi huishia mlangoni hapa. Kesho yake wananisimulia."

"Mkuu wa Kituo amenipa gari nifuate msafara. Koplo anaendesha. Kiti cha nyuma ni kitupu."

Mama Cherehani akasema hajabeba hata shuka, na Inspekta akamwambia liko ndani ya gari.

"Sijui nitaona nini," Fundi alisema.

"Mimi nitakuambia," mkewe alisema. "Kila kitu. Hata usichouliza."

Koplo aliwasha injini. Fundi alitembea taratibu kufuata sauti yake, akapapasa bati mpaka akaupata mshikio wa mlango wa nyuma, akaufungua, akasimama kando ili mkewe aingie kwanza.